Mgomba Uliozikwa kwa Jina Langu

Kaburi langu liko Keza, nyuma ya nyumba yetu, hatua chache kutoka kaburi la baba mkwe. Halina msalaba, lina mgomba. Wageni wakija hudhani ni mgomba kama migomba mingine, nami siku hizi siwasahihishi, maana ukianza kueleza kwamba aliyezikwa pale chini ni wewe mwenyewe, chai inapoa na mgeni anaanza kuulizia pikipiki.

Naandika haya nikiwa mzima, nimekula, nimemeza vidonge vyangu vya asubuhi. Mimi ni fundi cherehani, si mtu wa vitabu. Lakini daktari mmoja wa Biharamulo aliniambia kwamba huko vijijini wako wanawake wengine kama mimi, wamekaa juani na masweta yao, na hakuna anayejua wanaumwa nini. Ndio ninaowaandikia, wao na dada zao na waume zao. Kama ulijifungua ukatokwa na damu mpaka ukazimia, ukapona, na maziwa hayakutoka hata tone, na tangu hapo hujawahi kuwa yule uliyekuwa, nisome mpaka mwisho.

Mwanangu Yoshua alizaliwa mwishoni mwa masika, katika zile mvua za kunyesha huku jua linawaka. Alizaliwa vizuri kwenye kituo cha afya, akalia, wakanionyesha. Kisha kondo la nyuma likagoma kutoka na damu ikaanza. Sitaki kuisimulia ile damu. Nakumbuka mkunga akimwambia mwenzake alete vitambaa vingine, nami kwa ufundi wangu nikawa napiga hesabu ni mita ngapi zimeshalowa. Nakumbuka gari la wagonjwa. Baada ya hapo sikumbuki kitu.

Deo, mume wangu, alikuwa nami hospitalini, simu yake imeisha chaji. Kaka yake, shemeji Samweli, alitufuata kwa pikipiki akafika asubuhi. Alipokuwa akiingia getini aliona machela inatoka wodini kwenda chumba cha maiti, na aliyelala juu yake amefunikwa kitenge changu. Kilikuwa changu kweli, cha njano chenye ndege wa bluu. Nilikipinda mwenyewe kwa uzi mwekundu baada ya kukosa wa njano, na Samweli alikuwa amenicheka kwa uzi huo. Aliyefunikwa alikuwa mama wa kitanda cha jirani, amefariki alfajiri bila ndugu karibu, na muuguzi alishika nguo iliyokuwa mbele yake akamstiri. Jina la yule mama silijui mpaka leo, na huwa namwombea hivyo hivyo bila jina. Samweli hakuuliza. Alikaa chini palepale getini akapiga simu nyumbani.

Keza walilia msiba. Mchana ule ule wanaume wakachimba kaburi. Jioni Deo akaazima simu ya mtu kuwaambia kwamba nimeongezewa damu na nimefumbua macho.

Sasa ni lazima nieleze jambo moja. Kwa watu wa mume wangu, na hata kwetu Kaniha, kaburi likishachimbwa haliachwi wazi, wala halifukiwi tupu. Shimo lililochimbwa kwa jina la mtu litamwita mtu. Kwa hiyo hukatwa shina la mgomba, likavishwa nguo ya yule aliyekusudiwa, likaitwa jina lake na kuzikwa, na kifo kikaondoka kimeridhika. Mama mkwe ndiye aliyesimamia. Alitoa gauni langu la kijani, akalivisha shina, akaliita Adela mara tatu, wakalifukia. Katekista alikuwepo, akawa anaangalia upande wa shamba la kahawa. Nataka ieleweke kwamba mama alifanya vile kwa kunipenda. Alikuwa anadanganya kifo kwa ajili yangu, na si kila mkwe anaweza kufanyiwa hivyo.

Kosa lilikuwa la wachimbaji. Shina la kuzikia hukatwa juu, lisiwe na mzizi, ili lioze na mambo yaishe. Wale walikuwa wamechoka, na wingu lilikuwa limetanda. Waling'oa mgomba mzima pamoja na tunguu lake, lile gogo la chini linalotoa machipukizi, na hakuna aliyetazama chini kwa sababu ulikuwa umevaa gauni langu.

Nilirudi nyumbani baada ya wiki tatu. Watu walikuja kuniona, wakanishika mikono, wakamsifu Mungu, na karibu wote waliniachia mkono haraka. "Una baridi," walisema. Nilicheka nikasema ni damu ya watu niliyoongezewa, bado haijanizoea.

Maziwa hayakuja. Mama mkwe alinipikia uji wa ulezi, karanga, mchicha, supu ya kuku, akanikanda kwa maji ya moto asubuhi na jioni. Wanawake wote waliojua dawa ya maziwa katika vitongoji vitatu walifika na majani yao. Matiti yangu yalikuwa yamelala kama sijawahi kuzaa. Yoshua akanyonya, akakasirika, akaacha. Tukamlea kwa maziwa ya ng'ombe ya kuchemsha, na mwenye kumnywesha akawa bibi yake, maana mimi kufika mchana nilikuwa siwezi kumshika kikombe mtoto bila mkono kutetemeka.

Kiangazi kikaja na vumbi lake. Watu walitafuta vivuli, mimi nilitafuta jua. Nilikaa ukutani na sweta na soksi, na ngozi yangu haikutoa jasho hata kidogo. Nywele nilizonyolewa baada ya uzazi hazikurudi kama zilivyokuwa, na za kwapani zilidondoka zote. Nyusi zikapungua pembeni. Damu ya mwezi haikurudi. Uso ukawa umepauka na kulainika, makunyanzi madogo kandokando ya mdomo, na sauti ikawa nzito na ya polepole hadi wateja wa cherehani wakawa wanamalizia sentensi zangu. Nilikuwa nalala nikiwa nimekaa. Nilijipima kwa futi yangu ya kushonea, kifua, kiuno, nyonga. Vipimo havikuwa vimebadilika sana, lakini nguo zangu zote zilinikaa kama nimeazima.

Mvua za vuli zilipoanza, chipukizi lilitokea juu ya kaburi.

Mama mkwe ndiye aliyeliona kwanza. Aliniita, na alipoona ninakuja alirudi nyuma hatua mbili kunipisha. Lilikuwa jani moja limejisokota, la kijani kibichi sana, mle katikati ya udongo uliokuwa umeanza kutitia. Nilikuwa na nepi za Yoshua mkononi nikienda kuzianika. Sote wawili tulikuwa tumeelewa wale wachimbaji walifanya nini.

"Limeota," alisema mama.

Nilianika nepi.

Tangu siku hiyo alikuwa akiyahesabu majani. Hakunificha. Jani likifunguka ananitazama usoni, nami bahati mbaya sikumwangusha hata mara moja, kwani kila jani lilinikuta nimezidi kuchoka. Majirani wakapata maneno ya kusema. Kwa Kihangaza mzuka wa marehemu huitwa umuzimu, na neno hilo nilianza kulisikia likikatwa katikati kila nilipofika kisimani. Walisema aliye hai ni yule wa nyuma ya nyumba, anakua na kunenepa, na huyu anayetembea ndiye aliyekufa. Lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Mimi nilikuwa nalisikia likija.

Kibaya zaidi, nilianza kuwaamini. Hili ndilo ningependa mgonjwa mwenzangu alijue mapema, kwamba ugonjwa huu haukuachii hata akili ya kujitetea. Siku moja nilijichoma sindano kidoleni kwa makusudi nione kama damu itatoka. Ilitoka, nikafurahi. Kisha nikajiuliza ni damu ya nani, maana yangu ilibaki kwenye vitambaa vya kituo cha afya. Siku nyingine, msimu wa senene, mchana kweupe, nilikuwa nimekaa kwenye cherehani yangu, mguu umetulia juu ya pedali, nikaisikia cherehani ikishona nyuma ya nyumba. Niliijua sauti yake, ile ya gurudumu linalolia likifika sehemu moja. Ilishona upindo mrefu, ikasimama, ikashona tena. Sikwenda kuangalia. Niliogopa kwamba nikienda nitamkuta yule Adela wa pili, na yeye atanihurumia.

Mama mkwe akaacha kuitikia shikamoo yangu. Wahenga wa kwao walisema ukiitikia salamu ya marehemu umekubali kumfuata. Kisha akahamisha kitanda cha Yoshua chumbani kwake. Mchana nikitaka kumbeba alisema mtoto amelala, na mtoto yuko macho ananitazama. Hilo ndilo lililoniuma kuliko baridi na kuliko nywele. Mwanangu alikuwa anaota meno, anajifunza kukaa, na neno mama alipolipata alimwita bibi yake. Niliona wazi kwamba nikifa au nisipokufa, yule mtoto nimekwisha kumpoteza.

Deo hakuwa mtu mbaya. Alinipeleka kila mahali alipoambiwa. Tulipewa vidonge vya kuongeza damu. Tulitibiwa malaria ambayo haikuonekana kwenye kipimo. Tulikaa kwenye benchi za mapokezi nyingi kiasi kwamba nilizijua kwa nguo zangu, ipi ina msumari, ipi imepakwa rangi isiyokauka. Tuliombewa kwa kuwekewa mikono, na dada mmoja wa maombi aliondoa mkono wake kichwani kwangu akaupangusa kwenye sketi. Tukirudi Deo alilala sebuleni. Alisema hataki kunisumbua. Siku moja nilimkuta nyuma ya nyumba amesimama na panga mbele ya ule mgomba, na mama yake amesimama kati yao, akimwambia akiukata ataniua. Deo akakaa chini akalia. Sikuwahi kumwona mume wangu akilia hata siku ya damu.

Mwaka ulipogeuka tulikwenda zahanati moja ya binafsi ambayo sitaitaja. Hawa angalau walifikiria. Walichukua damu ikapelekwa mbali, majibu yakarudi kwamba tezi ya shingoni inafanya kazi chini sana. Wakanipa dawa yake. Nilifurahi kwa sababu ugonjwa ulikuwa na jina. Niliimeza siku nne, na kila siku nikawa naharibika: kutapika, kizunguzungu, tumbo kuuma, nikisimama dunia inakuwa nyeusi.

Asubuhi ya siku ya tano Deo alichoka na yote. Mama yake alikuwa amekwenda misa ya mapema. Alichukua panga akaukata mgomba.

Nilikuwa nimesimama mlangoni. Nilisikia panga likiingia mara mbili, chwa, chwa, lile shina lenye maji. Nilianguka kabla halijaanguka.

Najua sasa kwamba ni ile dawa. Daktari alikuja kunieleza kwa utulivu kabisa jinsi dawa ya tezi ya shingoni ikitangulia peke yake inavyoweza kumwangusha mtu wa hali yangu. Nimeelewa, nimekubali, ningeweza kumfundisha mtu mwingine. Lakini nilikuwepo. Nililisikia panga.

Mama aliporudi alinikuta sakafuni na mgomba chini, na hakuhitaji kuelezwa. Hakunifokea wala hakumfokea mwanawe. Alikuwa mpole kuliko nilivyowahi kumsikia. "Mwache apumzike, Deo," alisema. "Tulishamzika. Unamtesa bure, na sisi unatutesa. Rakini safari hii arare kwa amani." Mama mara nyingine hubadilisha l na r, na zamani tulikuwa tukimtania. Siku ile nilimsikia kutoka mbali sana.

Deo akasema, "Kama amekufa, mama, basi nitazunguka na maiti. Niache nizunguke nayo."

Akanifunga kwake kwa kanga, mimi katikati, yeye nyuma, dereva wa pikipiki mbele, tukashuka njia ya mashamba hadi barabara kuu. Pale akasimamisha gari la mizigo. Hakunipeleka Ngara kulikokuwa karibu. Alinipeleka Biharamulo, kwa sababu dada yangu mkubwa Leokadia anakaa Kaniha, na Deo alikuwa ameshaamua kwamba kama nitakufa, nifie karibu na watu ambao hawajanizika.

Wagonjwa walikuwa wengi. Leokadia alifika akatukuta kwenye benchi, akanitazama, akampita Deo akaanza kuuliza mtu mwingine kama amemwona Adela. Alikuwa amenitazama usoni. Nilimwita kwa jina lake la utotoni, ndipo akarudi, akapiga magoti akanishika miguu.

Daktari wa zamu alikuwa mwanamke kijana, mwembamba, mwenye koti lililomzidi mabega. Nilifikiria jinsi ya kulipunguza. Alinipima presha mara mbili kwa kutoamini. Akanifunua kwapa, akavuta kope ya chini, akamwomba Deo atoke. Kisha akauliza swali ambalo hakuna mtu wa benchi yoyote aliyewahi kuniuliza.

"Ulipojifungua, dada, ulitokwa na damu nyingi?"

Nikasema ndiyo.

"Na maziwa yalitoka?"

Nikasema hapana. Nikaanza kulia bila machozi.

Alitoka karibu anakimbia, akarudi na muuguzi na dripu na sindano. Hiyo sindano ilikuwa kabla ya saa nane mchana. Saa kumi niliwaambia nina njaa. Nilitaka ugali na dagaa wa kukaanga wenye pilipili, na Leokadia akatoka mbio kwenda sokoni huku akilia njia nzima, alivyonisimulia baadaye. Kesho yake asubuhi nilisikia kitu kinatambaa juu ya mdomo wangu. Nikakipangusa. Lilikuwa jasho. Niliuweka mkono ulimini nikaonja chumvi.

Sitafundisha udaktari. Nitasema tu alivyonieleza yeye. Chini ya ubongo kuna tezi ndogo kama njegere, inaitwa pituitari, na ndiyo inayowaamuru wenzake mwilini: maziwa yatoke, hedhi ije, mwili upate joto na nguvu. Mwanamke akiwa mjamzito tezi hiyo huvimba na kuhitaji damu nyingi. Damu ikimwagika ghafla, yenyewe inaweza kufa, na mwenye nayo akabaki hai. Nilimuuliza kama alimaanisha kufa kweli. Alisema ndiyo, kufa kweli. Basi, nikamwambia, watu wa Keza hawakukosea sana, kuna kitu changu kilichokufa siku ile. Alicheka kidogo, akasema sipaswi kuongea hivyo.

Mwanza nilipigwa picha ya kichwa. Daktari wa huko aliniwekea kidole kwenye kioo, mahali palipotakiwa pawe na ile njegere. Palikuwa na kishimo kizuri, cha mviringo, kitupu. Nilikitazama muda mrefu. Nilipatwa na hamu ya ajabu ya kuuliza watakifukia na nini.

Siku nyingine ya kliniki nilimuuliza yule daktari wa Biharamulo, ni nini kinachoiamuru hiyo tezi yenyewe. Alipenda maswali. Alisema ubongo huituma kwa kemikali nyingi, na mojawapo ni hewa. Inaitwa oksidi ya nitriki. Hutengenezwa mle mle kichwani, hupita kuta za chembe hai moja hadi nyingine bila kuhitaji mlango, husaidia kuiambia tezi itoe au izuie, na baada ya sekunde chache haipo tena. Nikamuuliza kama kwangu hiyo hewa bado inatumwa. Akafikiri. Akasema huenda ubongo bado unatuma kama zamani, ila wa kupokea hayupo. Nilikosa raha siku nzima. Hata leo nikikaa kimya sana huwa najiona kama nyumba ambayo ndani yake mtu anaita jina, anaita, anaita, na mwenye jina alishahama.

Dawa zenyewe ni rahisi. Vidonge vya prednisoloni kila asubuhi, na ile ya tezi ya shingoni, safari hii ikija nyuma ya mwenzake. Ni za maisha. Mwenzangu, usiziache kwa sababu umepata nafuu, usiziache kwa mfungo wala kwa kuambiwa umepona kwa imani. Ukipata homa au kutapika, wahi hospitali uwaambie una ugonjwa gani. Mimi nimeandikiwa kwenye karatasi, natembea nayo kwenye pochi. Na usikubali dawa ya shingoni peke yake kabla hujauliza. Mimba nyingine waliniambia ni ngumu. Ile cherehani ya nyuma ya nyumba sikuisikia tena. Daktari alisema chumvi ilikuwa imepungua sana kwenye damu, na mtu wa namna hiyo husikia mambo.

Nilikaa kwa Leokadia Kaniha msimu mzima wa masika, napalilia naye mahindi, kwanza nusu tuta, kisha tuta, kisha shamba. Nywele zikaota laini. Deo alikuja kila wiki mbili, na kila alipokuja nilimwuliza kuhusu Yoshua, naye alisema hajambo, anatembea, halafu anaangalia kando. Nilielewa. Mama alikuwa amekataa asiletwe.

Nilirudi Keza wakati wa kuvuna maharage. Mama mkwe alikuwa uani anapiga maganda kwa fimbo. Nikapiga goti nikasema shikamoo mama. Aliacha fimbo, akanitazama kuanzia kichwani, akaja akanishika mkono, akauacha ndani ya wake kwa muda. Akaitikia. Kisha akanishika bega akanigeuza upande wa nyuma ya nyumba. Ule mgomba ulikuwa umechipua tena baada ya kukatwa, safari hii mashina mawili, manene, marefu kunizidi.

"Mmekua wote wawili," alisema. Hakuwa na furaha wala hasira. Alikuwa mtu aliyepiga hesabu miaka mingi kwa njia moja, na hesabu imekataa.

Yoshua alitokea mlangoni, akaniona, akakimbilia gauni la bibi yake akajificha. Nilinyoosha mikono. Alipiga ukelele kama ameona nyoka. Mama akambeba, na nilipokaribia alimhamishia bega la pili, mbali nami. Nikaambiwa nisubiri mtoto anizoee. Nilisubiri wiki ya kwanza na ya pili. Nililala kwenye nyumba moja na mwanangu bila kumgusa, na mama alikuwa na sababu kila siku: ana mafua, ana usingizi, ataota vibaya.

Alasiri moja alinikuta namalizia chakula. Yoshua alikuwa amelala ndani. Akakaa mkekani karibu yangu akaomba aone hivyo vidonge. Nikampa. Alivigeuzageuza ile karatasi yao ikawa inalia mkononi.

"Nilikuwa na mdogo wangu," alisema. "Perusi."

Nilikuwa nimeishi katika nyumba ile miaka sita na jina hilo sikuwahi kulisikia. Alinisimulia huku akiangalia vidonge. Walipokimbia kutoka Burundi, Perusi alijifungulia njiani, kwenye nyasi, akatokwa damu mpaka wakamfunika uso. Baadaye akapumua. Wakambeba. Hakupata maziwa. Aliishi miaka mitatu akiwa na baridi, nyusi zimekwisha, analala juani, na watu wote waliokuwa nao njiani walijua kwamba walishamfunika uso. Mama ndiye aliyemchukua mtoto wake. Perusi alikuwa akija kukaa mlangoni na kuomba amshike, hata kidogo tu, na mama alikuwa akimwambia mtoto amelala. Asubuhi moja walimkuta palepale mlangoni.

"Daktari wako," alisema, "alisema huu ugonjwa ni wa zamani?"

"Alisema hivyo, mama."

"Hivi vingemsaidia Perusi?"

Nilijua anachouliza, na nilijua ninavyoweza kumhurumia. Ningesema sijui. Ningesema labda wake ulikuwa mwingine. Mimi mwenyewe nilikuwa nimekaa mlangoni wiki mbili nikiambiwa mtoto amelala, na hasira ilikuwa imenijaa. Sikujua kama nitasema kweli kwa ajili ya Perusi au kwa kumlipiza.

"Vingemsaidia," nilisema. "Angeishi."

Alitikisa kichwa taratibu. Akanirudishia vidonge vyangu, akaviweka kiganjani mwangu na kuvifunga vidole vyangu juu yake. Akasema, "Hakuwa amerara. Yule mtoto. Alikuwa macho, anamsikia."

Akainuka akaingia ndani. Alirudi na Yoshua, bado ana usingizi, akampakata kwangu. Mtoto alipofumbua macho akaniona, alijikunja kama upinde, akapiga kelele, akanipiga kifuani kwa ngumi zake mbili. Nilitaka kumwachia. Mama aliishika mikono yangu kwa nguvu akaizungusha mgongoni kwa mtoto.

"Usimrudishe kwangu," alisema. "Hata nikikuomba."

Kisha akaenda akakaa kizingitini, ametupa mgongo. Yoshua alilia na kumwita, mama, mama, amenyoosha mikono kwake juu ya bega langu. Bega la yule bibi lilikuwa linatikisika. Kila mtoto alipoita alimjibu bila kugeuka, kwa sauti ile ile, mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu.

"Mama yako ni huyo."